Mtambo Uliovuja kwa Sababu Yangu

Jamani, hii naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Hamisi, maana yeye akiisimulia huongeza chumvi, na nilivyoaibika inatosha.

Mimi ni fundi kwenye kiwanda cha spiriti huku Kilosa. Siku hiyo maji ya kupozea yalikuwa yananukia spiriti (hata vyura wa mtaroni walichangamka isivyo kawaida), ikajulikana kwamba ndani ya mtambo wa kupozea, uliojaa mabomba membamba ya kupitishia spiriti, lipo lililopasuka. Kulipata si kazi ngumu: unafungua mfuniko, unasukuma maji kwa presha yazunguke mabomba kwa nje, unatazama midomo yake. Linalochuruzika ndilo lenye ufa, unaliziba kwa plagi.

Sasa jua la Kilosa mnalijua. Nilikuwa na chupa ya barafu nimeizungushia kitambaa, nikaiweka juu ya mtambo, pale ukingoni, isije ikapigwa teke. Basi, hilo tu.

Bomba la kwanza nikaliziba, nikajisifu. Kidogo hivi, jirani yake likatoa tone. Nikaliziba. La chini yake nalo. Nikaziba na kuziba, mpaka Hamisi, fundi mwenzangu, akasema, "Zawadi, dude lote hili limeoza," nami kwa kiherehere changu nikaenda moja kwa moja kwa meneja.

"Shikamoo mzee. Mabomba yote yamekwisha."

"Marahaba. Una uhakika?"

"Asilimia mia, mzee."

Kubadilisha mabomba yote maana yake kiwanda kisimame, na watu waende nyumbani bila kujua watarudi lini. Meneja akawaita wote pale mtamboni, nikasimama mbele na tochi kama mwalimu, akina mama wa kufungasha wamejishika viuno, mmoja anafuta machozi kwa kanga, nami naonyesha tu: "Mnaona? Tone lile. Na lile."

Koo likanikauka kwa kuhutubia. Nikachukua chupa yangu, nikanywa, nikarudi kumulika. Hakuna tone. Nikafuta, nikasubiri. Pakavu! Kugeuka, watu wote wanautazama mkono wangu, kitambaa kinachuruzika maji hadi kwenye kiwiko.

Meneja akasema taratibu, "Binti, hebu irudishe hiyo chupa ulipoitoa."

Nikairudisha. Tone.

Yule mama aliyekuwa akilia alicheka mpaka akakaa chini (na mimi natamani ardhi inimeze, nimeshika tochi inawaka mchana kweupe). Plagi zote nilizing'oa mwenyewe, isipokuwa ile ya kwanza, na jioni mtambo ukawashwa, maji yakatoka hayana harufu.

Tangu hapo nimeapa: mtu akiniuliza kuna tatizo gani, jibu langu la kwanza ni "bado naangalia." Hata mume wangu akiuliza kama wali umeiva namjibu hivyohivyo, na akinuna, anune.