Transista Iliyodaiwa Kufa

Enzi zetu, kabla simu hazijapanda milima ya Kilungu, likizo ya Agosti ilinukia machungwa na vumbi. Asubuhi tuliteka maji, kisha tukacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka miguu ikawa na rangi ya barabara. Mchana tuliitwa kula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ungali unatoa mvuke.

Mdogo wangu Mwende alikuwa bingwa wa kati. Darasani ndiko alikoteseka. Mwalimu akisoma imla, yeye aliandika "ahani" badala ya sahani na "imba" badala ya simba. Muhula mmoja mwalimu akamwambia mama kwamba mtoto huyu ni mzembe, na asipobadilika atarudia darasa.

"Mimi si mzembe," Mwende aliniambia akilia kwa hasira. "Natega masikio, lakini maneno yananifikia yakiwa yamekatwa."

Likizo iliyofuata tulikaa mjini Sultan Hamud kwa Mjomba Mutua, ndugu yake mama, aliyekuwa fundi wa redio. Alitupatia mkebe wa vipuri vya mashine mbovu tuchezee. Tulishajua kuunganisha transista ya kawaida mpaka spika ikalia, ila ililia mlio mmoja tu. Mwende alitaka sauti ya kupandisha polepole, kutoka nzito hadi nyembamba, ajue masikio yake yanaishia wapi.

Mkebeni akachagua kitu chenye miguu mitatu kama transista, kilichotolewa kwenye chaja ya betri iliyotupwa. Mjomba akakipima.

"Hii imekufa. Miguu hii miwili inapitisha umeme sawasawa, hata ukigeuza."

"Lakini huu wa tatu unapitisha upande mmoja tu, mjomba. Kitu kilichokufa hakichagui."

Mjomba akacheka, akamwachia. Tulijaribu miguu kwa kila mpangilio, tukaungua vidole kwa solda, spika ikabaki kimya. Mimi nilichoka nikarudi kucheza. Mwende hakubanduka kwenye stuli. Mwishowe akaunganisha kapasita kwenye ule mguu wa tatu. Kapasita ilijaa umeme taratibu, kama mtungi chini ya mfereji. Ilipojaa kiasi, transista ikafunguka na kuumwaga kwenye spika: tk! Ikaanza kujaa tena. Tk!

"Imefufuka!" Mjomba akasema.

"Haikuwa imekufa. Ni ya ukoo mwingine tu."

Akaweka kapasita ndogo zaidi, zile tk zikafuatana mpaka zikawa mvumo. Akaongeza kitufe cha sauti cha redio kuukuu, na kila ulipokizungusha mvumo ulipanda.

Jumamosi mama alikuja kututembelea. Mwende akatugeuzia mgongo, akainua mkono. "Nikiacha kusikia, nitaushusha."

Nikazungusha. Mvumo ukawa nyuki, nyuki akawa mbu. Mkono ukashuka. Mluzi bado ulikuwa mkali, hata mama alikuwa ameziba masikio.

"Mbona mmezima?" Mwende akauliza.

Hakuna aliyekuwa amezima. Mama akamvuta kifuani. "Mwanangu, kumbe tunakugombeza bure."

Shule zilipofunguliwa, mama alikifunga chombo kile kwenye leso akakipeleka kwa mwalimu. Mwalimu alishuhudia mkono ule ukishuka mluzi ukiendelea. Kisha akamhamisha Mwende hadi dawati la mbele, na baadaye akamsindikiza mama hospitalini. Mwende hakurudia darasa. Leo anavaa vifaa vya kusikia na anafundisha fizikia huko Nuu, na wanafunzi wake wanajua kwamba jibu la "haiwezekani" halipokelewi.

Juzi nilimsimulia mwanangu haya. Kabla sijamaliza, alipapasa simu yake na mluzi uleule ukatoka. "Si mngedownload tu?" akaniuliza, kwa huruma kabisa.

Nilicheka. Ni heri kwamba siku hizi mtoto anaweza kupimwa haraka hivyo. Lakini mwanangu aliuzima mluzi ule papo hapo, akaendelea na mengine. Sisi tuliungoja karibu likizo nzima, na siku ulipotoka, Mjomba Mutua alifunga duka mchana kweupe ili tukae chini tuusikilize.