Miguu Iliyotangulia Shambani

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, miguu yangu ilikuwa na sifa nyumbani kwetu kuliko mimi mwenyewe. Nilizaliwa kwa kutanguliza miguu, na kwetu Usukumani mtoto wa namna hiyo hachaguliwi jina, anakuja nalo: Kashinje. Bibi, mama yake Baba, alikuwa na imani mbili juu ya mtoto Kashinje. Ya kwanza, akikukanyaga mgongo unaouma, maumivu yanaondoka. Ya pili, asiwe wa kwanza kukanyaga shamba siku ya kupanda, kwa sababu mvua ikimwona inageuza njia. Ile ya kwanza niliipenda sana. Ile ya pili iliingia sikio hili ikatokea lile, maana mtoto hashiki neno linalomzuia kukimbia.

Kila jioni kabla ya ugali, Bibi alitandika ngozi ya ng'ombe karibu na mlango, akalala kifudifudi, akaniita. Nilipanda mgongoni kwake miguu mitupu, nikashika mwimo wa mlango nisianguke, nikatembea taratibu kutoka kiunoni mpaka mabegani. "Hapo hapo, daktari wangu," alikuwa akisema, na mimi nilivimba kichwa. Kaka yangu Masanja, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, hakuwa na cheo chochote zaidi ya kuchunga, na sikumruhusu asahau hilo hata siku moja.

Tulikuwa wageni Mwamkulu. Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, wakati Wasukuma wengi walikuwa wakihama na ng'ombe zao kufuata malisho upande wa Mpanda, na Baba naye akafuata. Tulifika kiangazi, tukajenga, tukafyeka shamba. Mbegu tulikuja nazo kutoka kwetu: mahindi yenye maganda yake, yamefungwa mafungu mafungu na kuning'inizwa jikoni juu ya moshi ili wadudu wasiyaguse. Chakula cha ghalani kilikuwa cha kutufikisha mavuno, mradi mavuno yenyewe yasichelewe.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwezi wa kumi na moja. Tuliamka tukakuta ardhi nyeusi, inanukia mpaka unatamani kuitia mdomoni. Jamani, asubuhi ile! Mama, ambaye tulimwita Mayu kwa lugha yetu, alikuwa akicheka peke yake huku akipukuchua mahindi. Baba alikuwa akiwafunga maksai kwenye plau. Masanja alikuwa akipiga mluzi. Bibi alikuwa na utaratibu wake: yeye aingie shambani kwanza na kikapu kidogo cha mbegu, aseme maneno yake, afukie punje ya kwanza, ndipo wengine tufuate. Lakini kikapu chenyewe kilikuwa hakionekani, na Bibi alikuwa ndani akipekua huku na huku na kumlaumu kila mtu.

Mimi nilikuwa nimeshapewa mbegu kwenye kibuyu. Nikalitazama shamba, limelala pale linanisubiri. Nikakimbia. Sina maelezo mengine mpaka leo. Nilikuwa nimefukia punje kama ishirini kwa kisigino, nikiimba, niliposikia sauti ya Bibi nyuma yangu.

"Kashinje! Toka! Toka humo!"

Sikuwahi kumsikia Bibi akipiga kelele namna ile. Nilitoka. Hakunichapa. Alisimama ukingoni na kikapu chake mkononi, akatazama nyayo zangu kwenye udongo ule laini, moja baada ya nyingine, kisha akatazama juu.

Mvua ikakatika. Mahindi yaliota, yakafika magotini, yakaanza kujikunja mchana na kujikunjua jioni, halafu ikafika siku hayakujikunjua tena. Majani yakakauka. Baba akachukua ng'ombe wote isipokuwa maksai wawili, akaenda nao upande wa Sibwesa kutafuta majani. Krismasi ikapita kavu. Mayu alikuwa amejiunga na kanisa dogo la nyasi lililokuwa karibu nasi, na siku hiyo waliimba wakiwa wamefunga vitambaa puani kwa ajili ya vumbi.

Lakini kwangu mimi dalili mbaya kuliko zote haikuwa mahindi. Bibi aliacha kuniita jioni. Ngozi ilibaki imekunjwa pembeni, naye akawa anatembea huku ameshika kiuno, akinipita bila kunitazama. Nikaelewa. Miguu ilikuwa ile ile, ila kazi yake moja ilikuwa imeifukuza nyingine.

Mwaka mpya ulipoingia, Jumapili moja, Bibi alizungumza. Mayu alikuwa amepiga magoti akimwekea maji ya kunawa, na mimi nilikuwa nje ya ukuta wa jiko, nasikia kila kitu.

"Nilisema, na nilichosema kimekuwa," Bibi alisema. "Mwanangu akirudi Jumapili ijayo, ampeleke huyu stesheni Mpanda. Apande treni, arudi kwa shangazi yake Usukumani. Akiwa mbali, mvua itapata njia."

"Mama, mtoto ni mtoto tu."

"Simchukii. Mgongo wangu unamlilia kila siku. Lakini nyie wote mtakula nini?"

Siku nyingine ningeruka kwa furaha kusikia nitapanda treni. Siku ile nilikwenda nyuma ya nyumba, nikakaa chini, nikaisugua miguu kwa mchanga mpaka ikawasha. Niliamini, na hilo nalisema wazi. Niliamini kabisa kwamba nimewaua kwa njaa watu ninaowapenda, na kwamba mahali pangu pa haki ni kwenye treni.

Kesho yake asubuhi Mayu aliingia jikoni, akapanda juu ya kinu, akaanza kufungua mafungu ya mwisho ya mahindi ya mbegu. Bibi akamfuata mlangoni.

"Unayapika?"

"Nayapanda, Mama."

"Kwenye vumbi?"

"Kwenye vumbi."

"Ukiyafukia hayo na mvua isije, hatuna mbegu wala chakula. Unalijua hilo?"

"Nalijua, Mama," Mayu alisema kwa heshima zote, akaendelea kufungua.

Masanja aliwafunga maksai. Tulikwenda mpaka ukingoni mwa shamba, kwenye mabua yaliyokauka, Bibi naye akija nyuma kwa fimbo yake. Nilisimama mbali, kama mtu anayejua kwamba ugonjwa wake unaambukiza. Mayu akanipa kibuyu.

"Tangulia," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Bibi alishika kichwa.

"Mayu, naogopa."

"Hata mimi naogopa. Tangulia."

Akafumba macho palepale, akiwa ameshika mikono ya plau. Hakuomba kwa maneno mengi kama walivyokuwa wakiomba kanisani. Alisema, "Mungu, hizi ndizo zilizobaki. Mbegu ni zako na huyu mtoto ni wako. Usiku na mchana viko mikononi mwako, sisi tunakwenda kulima." Halafu akafumbua macho, akanitazama mpaka nikaingia. Vumbi lilikuwa la moto, lilinichoma nyayo, lakini nilitembea shamba zima nikidondosha punje kwenye mfereji wa plau, mbele ya macho ya kila mtu.

Wiki hiyo sijapata kuishi nyingine kama hiyo! Kutwa nzima tulikuwa tukifukuza kanga wa porini waliokuja kufukua mbegu, mimi na Masanja, tukigonga makopo na kupiga kelele. Kutwa nzima tulikuwa tukitazama juu. Jumanne, hakuna. Jumatano mawingu yalikusanyika, upepo ukavuma, Mayu akatoa ndoo zote nje, na mvua ikanyesha ng'ambo ya mbuga, tunaiona kwa macho, ikalowesha mashamba ya watu wengine, ikaisha. Mayu akarudisha ndoo ndani huku anaimba. Nilimtazama usoni, nikasema moyoni, huyu mama anajua kitu tusichokijua sisi. Alhamisi, jua. Ijumaa Bibi alijikwaa akiwa na mzigo wa kuni, mgongo ukakaza, tukambeba mpaka ndani.

Jumamosi mchana bado alikuwa amelala. Nilikuwa nikipita dirishani kwake niliposikia akiita.

"Wewe, Kashinje. Leta ile ngozi."

Niliileta, nikaitandika karibu na mlango, nikarudi nyuma.

"Unangoja nini?"

"Bibi, si ulisema miguu yangu..."

"Nimekuita, sijakuuliza."

Nikapanda. Nilikuwa nimesahau mifupa yake ilivyo, midogo midogo. Nilikuwa nimefika katikati ya mgongo, nimeshika mwimo, natazama nje, nilipoona miti ya mbali ya mbuga ikitoweka. Mmoja ulikuwepo, halafu haukuwepo. Kisha mwingine. Ukuta mweupe ulikuwa ukija mbio kuelekea kwetu, na mlio wake, na harufu yake imeutangulia.

"Bibi, mvua! Bibi!"

"Usishuke! Maliza!"

"Bibi, inakuja, inakuja shambani kwetu!"

"Maliza kwanza, mtoto wewe!"

Nilikuwa nikilia na kucheka na kukanyaga mgongo wa bibi yangu, na matone ya kwanza yakapiga kizingiti makubwa makubwa, na Mayu akapita uani anakimbia na ndoo, na Masanja akitupa shati juu. Mwishowe Bibi mwenyewe ndiye aliyeinuka. Yule mtu tuliyembeba jana yake alisimama, akanishika mkono, tukatoka naye nje, akapiga vigelegele mpaka sauti ikapasuka. Tulilowa mpaka mifupa. Ilinyesha mpaka jioni, ikanyesha tena kesho yake.

Baba alifika Jumapili hiyo, ametapakaa matope, anacheka, na hakuna aliyemtajia habari ya stesheni. Jioni akaja jirani yetu Mzee Kapama, Mkonongo, mrina asali, mwenyeji wa pale tangu babu zake. Alituletea asali kwenye kopo, akatazama mabua makavu yaliyosimama katikati ya mifereji mipya.

"Kumbe mlipanda ile mvua ya kwanza?" akauliza.

"Tulipanda," Baba akasema.

"Nyie! Ile huku kwetu ni ya uongo. Inanyesha, inakatika mpaka watu wale Krismasi. Sisi tunaiacha ipite. Ni kila mwaka."

Nilimtazama Bibi, na Bibi alikuwa akimtazama Mzee Kapama.

"Sasa mbona hukutuambia?"

"Mliniuliza, dada yangu?"

Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mgongo, tukacheka sote. Kuuliza si ujinga, lakini sisi tulikuja na mvua zetu za kwetu kichwani, tukamtafuta mkosaji kabla ya kumtafuta mwenyeji. Nisimsingizie Bibi, hata hivyo, kwamba aliacha imani yake siku ile. Jioni, nikiwa mgongoni kwake, alisema, "Inakatika kila mwaka, sawa. Lakini mwaka huu ilizidi." Alikufa miaka mingi baadaye akiwa na msimamo huo huo, na hakuna miguu aliyoipenda kuliko yangu.

Kisa hiki nimewasimulia wanangu mara nyingi, na siku zote niliwasimulia kama kisa cha mwanamke asiyetikisika. Nilijua kwa hakika kwamba Mayu aliiona mvua ile kwa macho ya imani siku tano kabla haijafika. Mwaka juzi nilikuwa nikisubiri majibu ya vipimo vya hospitali, siku hazisogei, na imani ya namna hiyo mimi sikuwa nayo hata chembe. Nilikuwa naomba huku natetemeka, na kutetemeka huko kukanitia aibu mbele za Mungu. Nikapanda basi nikamfuata Mayu Mwamkulu, mzee sasa, tukakaa na chai.

"Mayu, ile wiki ya mvua. Ulijuaje kwamba itakuja?"

Alinishangaa. "Nani alijua? Mimi sikujua."

"Lakini ulikuwa unaimba."

"Ningefanya nini na mdomo? Nilikuwa na hofu, ng'wana wane, mwanangu. Tangu Jumatatu ile nguo zako zilikuwa zimefungwa kwenye kitenge, chini ya kitanda changu."

Niliweka kikombe chini. Miaka yote hiyo! Kilichoniuma sijui kilikuwa nini hasa, mimi mwenyewe au kile kisa changu kizuri. "Kwa hiyo ungewaacha wanipeleke."

"Bibi yako alikuwa mkubwa wa nyumba. Baba yako asingembishia mama yake." Akapuliza chai yake. "Ila kwenye kile kitenge na nguo zangu zilikuwemo."

Nikamuuliza tu, "Na Mungu je, Mayu?"

"Si angepanda treni na sisi," akasema, akaniomba nimwongezee sukari.

Nilirudi kwangu kungoja majibu. Hofu haikuniacha, ila iliacha kunitia aibu. Nilikuwa nimeelewa kwamba Mayu hakuwa na hakika ya mvua hata siku moja kati ya zile tano. Alikuwa na hakika ya nani atakayekuwa naye isiponyesha, na kwa hakika hiyo tu aliweza kumwaga mbegu ya mwisho kwenye vumbi.