Bega la Budha wa Saba

Gu Tingrui wa Suzhou hakuwahi kugusa patasi, na bado mtaa mzima ulimvulia kofia kwa uchongaji. Jiwe la yu, lile la kijani la thamani, halikubali patasi. Husagwa polepole: miguu inakanyaga, gurudumu la chuma linazunguka, na mchanga mkali uliolowa ndio unaolila jiwe. Mkewe, Aqiao, ndiye aliyeuchuja mchanga na kuumimina, na kwa maneno alimzidi mumewe mara mia.

Kutoka jumba la Kaizari likaja jiwe pamoja na kielelezo cha mbao: bakuli la sadaka kama la watawa, limezungukwa na Mabudha saba walioketi. Agizo ni kukifuata kielelezo, basi. Gu akasaga, misimu ikapita. Sita wakatoka, nyuso zao zimetulia kama maji ya mtungini. Kwa wa saba, palipostahili kuwa shavu, likachomoza doa la rangi ya kutu.

Aqiao akaacha kumimina. "Baba Ahe, huyu umempiga kofi?"

"Nyamaza wewe! Watasema nimeharibu jiwe la Kaizari."

"Si umsage tu mpaka doa liishe?"

"Likiisha, bakuli limetoboka."

Kazi ikalala. Gu akawa anakula wali bila kuuona. Asubuhi moja Aqiao alikuwa akimshonea kiraka kwenye koti, akamkuta kakikodolea macho.

"Unaona aibu? Hata watawa huvaa viraka, na Budha ndiye aliyewafundisha."

Gu akainuka na koti likiwa bado na sindano. Akarudi kwenye gurudumu, akamwinamisha Budha wa saba kichwa. Uso ukalikwepa doa, nalo likaangukia begani, likawa kiraka cha joho.

Bwana Fei, msimamizi wa jumbani, alipokuja, akalizungusha bakuli kando ya kielelezo. Kidole chake kikasimama.

"Fundi Gu, kielelezo hakina kichwa kilichoinama."

"Hakina, bwana."

"Anamsikiliza nani huyu?"

Aqiao akadakia: "Mwenye njaa, bwana."

Fei akalipapasa lile bega kwa muda. "Na hawa sita?"

"Hao wameshakula, bwana."

Fei akacheka mpaka akashika meza, kisha akalifunga bakuli kwa hariri kwa mikono yake mwenyewe.

Mlango ulipofungwa, Gu alikuwa bado wima.

"Keti basi, baba," Aqiao akamwambia. "Ameshakwenda."