Ufunguo Alioushika Mtani

Siku ya kuanua matanga ya mume wangu, mashemeji zangu walikula wali wangu, wakanawa mikono, ndipo yule mkubwa akatangaza kwamba gari litauzwa. Hakuuliza. Ufunguo alikuwa nao tayari, anauzungusha kidoleni.

Gari lenyewe lilikuwa lori, Fuso la bluu, kuukuu, limeegeshwa mbele ya nyumba yetu pale Gongoni, Tabora mjini. Ndilo lililotulisha na kuwasomesha wanangu. Nilijua mizigo yake kuliko nilivyojua sufuria zangu, maana mume wangu alikuwa akiendesha na mimi ndiye niliyekuwa nikitafuta kazi, nikipanga safari na kugombana na wateja. Lakini mbele ya ukoo nilikuwa mke aliyefiwa, na mke aliyefiwa hutarajiwa alie tu. Nililia, ndiyo. Nililia kwa hasira.

Kabla sijafungua mdomo, mtu akanyanyuka kwenye mkeka wa nyuma. Alikuwa Mgogo wa Manyoni, dereva wa malori, rafiki wa marehemu wa miaka mingi. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walipita kwao na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani, na Wagogo wakawatoza hongo, yaani ushuru wa kupita na kunywa maji ya visima vyao. Ugomvi ule ukageuka mzaha, na mzaha ukawa na sheria zake. Msibani mtani huruhusiwa kunyakua chochote, na hakirudi mpaka kikombolewe. Atakayekasirika ndiye mwenye aibu.

Basi Mgogo yule akaunyakua ufunguo kidoleni kwa shemeji.

"Babu zenu walikunywa maji yetu wakaondoka bila kumaliza hongo!" akapaza sauti. "Leo nimelipata gari langu!"

Msiba mzima ukaangua kicheko. Shemeji naye akacheka, ila kwa meno tu.

"Haya, mtani, sema. Unataka kuku au soda, uturudishie ufunguo wetu?"

"Nataka ndovu. Mzima, na pembe zake."

Watu wakashika mbavu. Yeye akaja hadi nilipokaa, akachuchumaa, akauweka ufunguo kiganjani mwangu. Nilimtazama usoni na hakuwa akicheka hata kidogo.

"Huyu mama ataniangalizia gari langu msimu mmoja," akasema. "Mvua zikianza, nakuja kulichukua."

Shemeji alimeza mate. Kumkasirikia mtani hakuweza, na wazee wote walikuwa wakimtazama. "Sawa," akasema. "Msimu mmoja. Mvua zikianza na gari halijapata kazi ya maana, linauzwa, ndovu awepo asiwepo."

Muda si mrefu Mgogo akarudi na begi lake. Alisema hawezi kumwachia mgeni usukani wa gari lake. Tukaanza kazi, yeye dereva, mimi kiti cha pembeni, tukitukanana kutoka Tabora hadi tuendako. Aliniita mpagazi. Mimi nilimwita ombaomba wa visimani. Katikati ya matusi alinisimulia ndoto yake moja: kumnunulia mkewe mashine ya kusaga unga kule kijijini kwao, ili uzeeni wasimsumbue mtu.

Msimu ulikuwa mgumu. Tulibeba matofali, mbao, vitanda vya watumishi wa serikali waliohamishiwa Isikizya, chochote kilichopatikana. Kazi ya maana haikuja. Kila wingu lilipojitokeza nilihesabu siku zilizobaki, na shemeji alianza kupita nyumbani bila sababu, analizunguka gari na kupiga tairi teke.

Ndipo mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, mwenye ghala kubwa mjini, akaniita. Alikuwa na mpunga wake vijijini upande wa Ziba, umewekwa tangu mavuno. Kampuni moja kubwa ya malori ilikwisha kupewa nusu ya kazi ya kuuleta mjini. Nusu nyingine alitaka kunijaribu nayo.

"Atakayeleta mpunga mkavu ndiye atakayebeba mizigo yangu yote mwaka kesho," akasema. "Ukilowa, mama, usiniletee."

Tulipofika, mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha. Kule chini ni mbuga, udongo mweusi ambao ukikauka ni chuma na ukilowa ni ugali. Malori mawili ya kampuni kubwa yalikuwa yamekwama katikati, tope limefika kwenye ekseli, madereva wamekaa juu ya boneti wakipiga simu. Nikamwambia Mgogo asimamishe gari kwenye mwinuko wa changarawe.

"Mnyamwezi anaogopa tope!" akanicheka. "Babu zako walifika pwani kwa miguu, wewe unashindwa kufika pale kwenye mti?"

"Walifika kwa sababu hawakuwa na gari la kukwama," nikamjibu, na nilipolisema hilo nikasikia nilichokisema. Barabara za babu zangu hazikuhitaji lori. Zilihitaji miguu, na pale pembeni kulikuwa na miguu kila upande: ng'ombe wa Wasukuma, maboma kwa maboma.

Nikashuka, nikavua viatu, nikaenda kwenye boma la kwanza. "Mwangaluka," nikaamkia, wakaitikia, nikaeleza shida yangu. Mkokoteni wa ng'ombe unapita mbugani palipolishinda Fuso, hilo nalijua tangu utoto. Walitaka kujua watapata nini. Nikawauliza wao wanasumbuka na nini. Chumvi ya mifugo, wakasema, na mabati. Kuvifikisha kwao kutoka mjini ni mateso.

"Gari langu litarudi huku na chumvi yenu na mabati yenu, na nauli sidai," nikasema. "Ninyi nitoleeni mpunga."

Mikokoteni ikaja kwa mstari, maturubai yamefungwa juu ya magunia, ng'ombe wanakanyaga tope polepole, vijana wanapiga mbinja. Mgogo alisimama juu ya bodi akipokea magunia. Alitazama mstari ule mrefu, akatikisa kichwa.

"Msafara," akasema. "Na hongo hamjalipa."

Tulirudi mara tatu. Kila mara twende na chumvi, turudi na mpunga, na gari halikutembea tupu hata siku moja. Mfanyabiashara alichoma bambo, kile chuma cha kuchotea punje, kwenye gunia moja moja, akazitafuna punje zake, kisha akanipa mkono. Malori ya kampuni kubwa yalikuwa bado yako mbugani. Nilirudi Gongoni nikikaa wima kama malkia, na wala sioni haya kusema hivyo.

Mvua zikaanza sawasawa, na shemeji akaja. Nilimkaribisha chai, nikamwambia kazi niliyopata. Alimaliza chai, akauliza kama gari lingeweza kumbebea mahindi yake. Nikamwambia apange foleni kama wateja wengine. Alicheka, na safari hii kicheko kilikuwa cha kweli.

Leo nina malori manne, na lile la bluu bado linatembea. Mgogo aliliendesha mpaka macho yakachoka. Kila mwaka mvua zikianza alikuwa akiniambia amekuja kuchukua gari lake, nami nikimwambia ndovu bado tunamtafuta. Mashine ya mkewe aliinunua.

Mwaka jana walinipigia simu kutoka Manyoni kwamba amefariki. Nilikwenda na lile la bluu, nikiendesha mwenyewe, nyuma nimejaza mchele na waombolezaji. Nililia njia nzima. Siku ya kuanua matanga, baada ya kula, kaka zake walianza kuongea kuhusu mashine ya kusaga. Mkubwa wao alikuwa ameushika ufunguo wa banda. Mjane alikuwa ameinamisha kichwa.

Nikanyanyuka kwenye mkeka wa nyuma, nikaunyakua.

"Mlitunyonya hongo miaka na miaka!" nikapaza sauti. "Leo Wanyamwezi tumekuja kuchukua chetu!"

Wakaangua kicheko. Wakaniuliza nataka nini, kuku au soda. Nikasema nataka visima vyote vya Ugogo, na maji yake. Kisha nikaenda kwa mjane, nikachuchumaa, nikauweka ufunguo kiganjani mwake.

"Huyu mama ataniangalizia mashine yangu," nikasema, "mpaka nitakapokuja kuichukua."