Vidole Vilipogoma, Nilitafuta Kompyuta ya Kunisikia

Ninaandika haya bila kugusa kitu. Mikono yangu imelala mapajani, na maneno unayoyasoma yametoka mdomoni mwangu yakaingia kwenye kompyuta iliyo mbele yangu. Ninawaandikia wale walioambiwa, kama nilivyoambiwa mimi, kwamba kazi yao sasa ni kupumzika.

Jina langu ni Rose Nafula. Kabla ya ugonjwa nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ndogo karibu na mahakama za Makadara. Viapo, barua za mawakili, mikataba ya nyumba, vyote vilipitia kwangu. Watu walikuja wakikimbia kwa sababu kesi inaitwa, nami nilichapa huku nikiwaambia wakae chini waache kunisimamia kichwani. Wambui, mwenzangu wa meza ya pili, alikuwa akisema nina bahati vidole vyangu vinakimbia, la sivyo mdomo ungenifukuzisha kazi. Nilikuwa na ulimi mkali, na sijauacha. Niliishi peke yangu mtaani Jericho, hapa Nairobi, kodi nalipa mwenyewe, na sikuzoea kumwomba mtu hata maji ya kunywa.

Ugonjwa ulianzia tumboni. Niliharisha siku kadhaa, nikanywa dawa, ukapoa, nikarudi kazini. Kisha vidole vya miguu vikaanza kufa ganzi. Nikalaumu viatu. Ganzi ikapanda hadi magotini, na vidole vya mikono navyo vikaanza kuwasha kana kwamba nimeshika upupu. Siku moja nilichapa kiapo kizima chenye makosa kila mstari, mimi ambaye nilikuwa nikigombana na mawakili kwa ajili ya koma. Niliposimama kwenda kunawa uso, miguu ilikataa. Nilianguka kati ya meza na mlango, na mkojo ukanitoka hapo hapo mbele ya wateja. Wambui alinifunika kwa leso yake, akatafuta gari.

Hospitalini daktari alinigonga magoti kwa nyundo ndogo na magoti hayakuitika. Alivuta kiti akakaa. Alinieleza kwamba kinga ya mwili wangu imekosea adui, kwamba badala ya kupambana na ugonjwa wa tumbo sasa inashambulia mishipa yangu ya fahamu. Nilimuuliza kama nitapona.

"Wengi hupona," alisema. "Lakini kwanza utazidiwa. Sitaki uje kushtuka."

Hakunidanganya. Mikono ilifuata miguu, kisha nikashindwa kumeza mate, kisha pumzi. Walinitoboa shingo wakaingiza mpira, na mashine ikapumua kwa niaba yangu. Akili ilikuwa timamu kabisa, hilo ndilo watu hawalijui. Nilisikia kila kitu. Mbu alitua kwenye paji la uso wangu akanywa mpaka akashiba, nami namtazama tu. Walinigeuza, walinivisha nepi, walinisafisha. Mama alifika kutoka Bungoma, akawaachia majirani ng'ombe wake, akakaa kando ya kitanda. Nikitaka kusema ndiyo, nilifumba macho. Nikitaka kusema la, niliyaacha wazi. Mimi, mwenye mdomo wangu wote ule, nilibaki na kope.

Mungu ni mwema. Pumzi ilirudi, mpira ukatolewa, miguu ikaamka polepole. Nilitoka hospitalini nikitembelea fremu ya chuma, huku Mama akinishika kiunoni. Sauti ilibaki ya kukwaruza, na hapa kooni nina kovu. Lakini mikono ilibaki nyuma. Viwiko vinakunjika, viganja vinaning'inia, vidole havifungi. Mama alinifungia kijiko mkononi kwa bendeji. Chooni alinipangusa yeye, na magoti yake mabovu, na kila mara nilimwomba msamaha. Siku nzima nilikuwa mtu wa kuomba. Mama, nigeuze mto. Mama, nikune hapa. Mama, nipanguse pua.

Miezi ikapita. Ndipo Mama akaniambia kwamba mwisho wa mwezi tunaenda nyumbani, wote wawili.

"Nafula, hapa unangoja nini? Kule kuna nafasi, kuna maziwa. Nitakutazama mpaka niishiwe nguvu."

Alikuwa na haki. Ng'ombe wake walikuwa mikononi mwa watu, na yeye mwenyewe alikuwa akilala kwenye kochi langu fupi. Lakini nilijua nikipanda lile basi sitarudi. Ningekuwa yule binti aliyeugua Nairobi, anayetolewa nje kuota jua na kurudishwa ndani. Nilitaka nyumba yangu na kazi yangu. Ningepata kazi tu, ningeweza kumlipa mtu wa kunisaidia, na Mama arudi kwake kama mama, si kama muuguzi.

Mwanamke aliyekuwa akininyoosha mikono kliniki ndiye aliyeniambia kwamba siku hizi kuna watu wanaoendesha kompyuta kwa sauti tupu. Nilimpigia Wambui simu, Mama akiwa amenishikia. Wambui akaongea na watu wa mahakamani na wa kanisa, wakachanga. Mpango wao ulikuwa wanunue kompyuta waniletee, kwa maana sisi tumelelewa kwamba mgonjwa hasumbuliwi. Nikamuuliza Wambui kama angeninunulia kiatu bila kunipima mguu. Alicheka, akaja kunichukua.

Muuzaji alikuwa na duka dogo pale sokoni Jericho, limejaa kompyuta zilizokwisha tumika ng'ambo. Alinitazama mikono, kisha akamgeukia Wambui.

"Sasa huyu madam atatumia ya kufanyia nini?"

"Niulize mimi," nilisema. "Mikono ndiyo imelala. Masikio yangu yako sawa."

Aliomba radhi, na tangu hapo alizungumza nami. Alinionyesha mbili. Moja ilikuwa nyembamba, inang'aa, na Wambui aliipenda papo hapo. Nyingine ilikuwa nene na nzito, yenye mikwaruzo mgongoni. Nikaziongelesha zote. Ile nyembamba ilinisikia, lakini iliwaza sana kabla ya kuandika, nami nilikuwa nimeshafika sentensi ya tatu. Ile nene iliandika nikiwa bado naongea. Nilijaribu pia kubonyeza kitufe cha kuwashia kwa kifundo cha kidole, kwa sababu kompyuta isiyowaka mpaka uite mtu si yako. Ile nene ilikuwa na kitufe kikubwa. Nikasema hiyo.

"Rose, hii imechoka jameni," Wambui alininong'oneza. "Watu wamechanga, wataona hii?"

Muuzaji alikubali niende nayo nijaribu, nisiporidhika niirudishe kufikia Jumamosi. Jumatatu ndiyo siku Mama aliyotaka tusafiri. Tayari alikuwa ametoa ule mfuko mkubwa wa nailoni wenye mistari, na nguo zangu zilikuwa ndani.

Nyumbani mambo yakaharibika. Siku ya kwanza tu, mashine iliyokuwa ikinikimbilia dukani ilianza kuvuta miguu. Nasema sentensi, inaandika nusu. Nasema futa, inanyamaza, kisha inafuta kilichokuwa sawa. Wageni walikuja kuiona wakaniona nikiibembeleza. Mmoja alisema labda ni kelele za fundi wa vyuma wa nyuma ya nyumba. Nilijua Wambui anaifikiria ile nyembamba. Alhamisi Mama alikaa kando yangu.

"Mwanangu, sauti yenyewe imebaki nusu. Usiilazimishe."

Hilo liliniuma kuliko sindano zote. Nililia, na machozi yakaingia masikioni kwa sababu nilikuwa nimelala chali na siwezi kuyafuta. Nikaamini ni kweli. Koo langu limeharibika, basi, hata mashine imenikataa.

Ijumaa asubuhi Mama alianza kufua. Mama wa Bungoma hawezi kuiacha nyumba chafu, hata kama ni nyumba anayoihama. Alikusanya vitambaa vyote vya kushona kwa mkono, vya makochi, vya meza, vya redio, akaenda navyo nje kuviloweka. Nilibaki na kompyuta juu ya meza tupu. Nikaiambia kwa hasira tu, bila kutarajia kitu, iandike kwamba imenishinda na kesho nairudisha.

Ikaandika yote. Neno kwa neno, na nukta mwishoni.

Nikaiambia ifute, ikafuta. Nikaiamuru ifungue ukurasa mpya, ukafunguka. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa siku zote zile, nacho ni kimya. Kompyuta ilikuwa haivumi. Tangu ifike ilikuwa ikivuma kama kinu cha kusagia posho, nami nikadhani ndio uzee wake.

Nilimwita Mama, nikamwomba alete kitambaa alichokuwa ameweka mezani. Alikileta kikiwa kimelowa. Siku ile ya kwanza, wageni walipoanza kuja, Mama aliionea kompyuta yangu haya na mikwaruzo yake. Akachagua kitambaa kizuri kuliko vyote, kile kizito cha waridi alichonishonea nilipohamia Jericho, akakikunja mara mbili akakilaza chini ya kompyuta, na pembe zake akazipandisha ubavuni zifunike mikwaruzo. Matundu ya kupitishia hewa yote yakazibika. Mashine ikapata joto, feni ikapiga kelele, na maikrofoni ikawa inasikia feni badala yangu. Tulitafuta kitambaa kingine kikavu tukaijaribu. Tuliweka, baada ya muda ikavuma na kuzubaa. Tukatoa, ikapoa, ikasikia.

Mama aliketi. "Kumbe ni mimi niliyekuziba mdomo."

Nilimwambia hapana, alikuwa ameivisha nguo za wageni, basi. Tulicheka mpaka kovu likaniuma.

Jioni Wambui alileta kiapo cha kweli, cha Kiingereza, cha mteja wa kweli. Alinishikia karatasi mbele ya macho, nami nikaanza. Andika. Rudi juu. Futa hilo. Weka koma. Hapana, nimesema koma. Fundi wa vyuma aligonga vyake nyuma ya nyumba, nami nikaendelea mpaka kurasa zote zikaisha. Mama alikuwa amesimama mlangoni na beseni la vitambaa kiunoni, na sikujua amesimama kwa muda gani.

"Kiingereza sikijui," alisema, "lakini kuagiza nakujua. Tangu hospitali nimekusikia ukiomba tu, Nafula. Leo umeagiza."

Kompyuta sikuirudisha. Siku hizi Wambui ananitumia kazi, na kuna mama wa hapa jirani anayekuja asubuhi na jioni, namlipa. Vidole bado vimelala. Daktari anasema huenda vikaamka zaidi, huenda visiamke, na mimi nimeacha kumuuliza kila mara.

Nawe uliyeletwa nyumbani na mwili usioutambua, usiache watu wakuchagulie chombo chako kwa sababu wanakupenda. Nenda mwenyewe, hata kwa kubebwa. Ukiongeleshe kwa sauti uliyo nayo, si ile uliyokuwa nayo. Kiwe kinakuelewa haraka, uwe unaweza kukiwasha mwenyewe, na betri yake ivumilie stima ikipotea. Kisha kijaribu kwako, katika kelele zako. Kikikukataa, usianze kulilaumu koo lako. Kwanza waombe watu wako wakuinulie, utazame kuna nini chini.

Namshukuru Mungu, nawashukuru wauguzi walionigeuza, namshukuru Wambui na leso yake. Na Mama. Jumatatu ile alipanda basi peke yake, akiniacha na yule mama wa jirani. Kabla ya kuondoka alitoa nguo zangu kwenye ule mfuko wa mistari, akazikunja upya moja moja, akazirudisha kabatini.