Okidi za Baba Hazikutaka Udongo

Baba alipopooza upande wa kulia, mimi ndiye niliyehamia kwake, mtaa wa Bel-Air. Sikuwa na mume wa kuomba ruhusa, na shule ninayofundisha si mbali na pale. Kaka yangu mkubwa anaishi Kolwezi na hupiga simu kila Jumapili baada ya misa. Basi mwili wa baba ukawa kazi yangu: kumwosha, kumvika, kumlisha uji, kukimbia darasani, kurudi mchana kumgeuza, kufua, kupika, kumgeuza tena. Kulikuwa na siku nilisimama mbele ya wanafunzi nikiwa na chaki mkononi na sikukumbuka nilitaka kuandika nini.

Baba alifanya kazi ya kutengeneza reli maisha yake yote, huko juu kaskazini na huku. Miti ilipoanguka kando ya njia, yeye alikuwa akiokota okidi zilizoota juu ya matawi yake, anazileta nyumbani ndani ya gunia, na kuzifunga kwa kamba kwenye mparachichi wa uani, ndani ya lupangu letu. Zina vijiti vinene kama miwa midogo, na kabla ya mvua za kwanza hutoa maua ya manjano yenye madoa ya kahawia. Mama, alipokuwa hai, alimcheka. Alisema kama ni okidi, angeleta zile za mbugani ambazo viazi vyake vinatwangwa na karanga kuwa kikanda, angalau tungekula.

Mwaka jana, baba alilazwa wiki moja kwa ajili ya mapafu. Ndani ya wiki hiyo kaka alinipigia simu.

"Ule muti utakuya kuangukia Baba siku moja," alisema. "Ukuta ulishapasuka. Acha bakate."

Nikamjibu, "Sawa."

Ningeweza kumwuliza baba. Alikuwa anasikia kila kitu na kuelewa kila kitu, maneno tu ndiyo yaliyomtoka vipandevipande. Lakini kumwuliza kulikuwa na maana ya kueleza, kungoja, kukisia, kumfuta machozi. Nilikuwa nimelala siku nne juu ya kiti cha hospitali. Nikajiambia nitamwambia baadaye.

Tuliporudi, teksi iliingia langoni na mparachichi ulikuwa umelala chini, umekatwa magogo. Okidi tano zilikuwa zimetupwa kando ya ukuta, mizizi yake bado imekumbatia vipande vya ganda la mti. Baba alitazama kupitia kioo cha gari. Hakulia. Nilipomweka kitandani aliniashiria kwa mkono wa kushoto nimgeuze aelekee ukutani, na alikaa hivyo mpaka kesho yake.

Jumamosi niliziokota. Sikujua chochote juu ya okidi, ila nilijua mmea hupandwa kwenye udongo. Nikachimba udongo mweusi nyuma ya jikoni, nikauchanganya na mbolea ya kuku, nikajaza sufuria za zamani na ndoo zilizotoboka. Nikazipanga barazani mbele ya kiti chake. Kusema kweli nilijisifu kidogo.

Baba akaanza kupiga mkono wa kiti. "Bu," alisema. "Bu. Bu."

Nilidhani anataka choo. Nikamwinua, nikamkokota, haikuwa choo. Nikampa maji, akayasukuma. Nikamfungua shati nione kama kuna kinachomwuma. Akaendelea, "Bu, bu," mishipa ya shingo imemsimama, mate yakimtoka.

"Baba, niko nachoka," nikamwambia. "Tafazali. Nyamaza kiloko."

Akanyamaza. Sikuwa nimewahi kumwambia baba yangu anyamaze kabla ya siku hiyo, na alinitii kama mtoto.

Mvua zilikuwa zimeshika. Wiki tatu hivi zilipopita, vijiti vikaanza kuwa vya manjano. Nikavuta kimoja taratibu, na mizizi ikabaki mkononi mwangu kama karatasi iliyoloa, inanuka. Nikavuta cha pili, ni vilevile. Nilikuwa nimechuchumaa pale, vidole vyangu vimejaa tope, ndipo nikaelewa lile neno. Kwetu udongo ni bulongo. Alikuwa ananikataza.

Jumapili nikamweleza kaka.

"Bitupe," alisema. "Weye hauna kazi ya kutosha?"

Alisema kweli. Nilikata simu nikakaa jikoni, na kwa muda nilitaka sana kuzitupa zile tatu zilizobaki. Kilichonizuia hakikuwa upendo wa maua. Ni aibu tu.

Alasiri ileile nikachukua sinia kubwa, nikapanga juu yake kila nilichoweza kufikiria: unga wa mbao kutoka kwa seremala wa jirani, vipande vya matofali, ganda kavu la mparachichi, na makala machache, makaa yetu ya kupikia, kutoka pembeni ya jiko la mbabula. Nikaliweka sinia juu ya magoti ya baba.

"Baba, miye sijue," nikamwambia. "Chagua weye."

Alikaa muda akilitazama. Kisha mkono wa kushoto ukaenda kwenye unga wa mbao. Akaufinya, ukashikana kama ugali wa bukari, akautupa chini. Ganda la mparachichi akalisugua kwa kidole gumba mpaka likavunjika, akatikisa kichwa. Kipande cha tofali alikishika kwa muda, akakigeuza, akakiweka pembeni, si mbali. Kisha akachukua kala, akaligonga kwenye mkono wa kiti. Likavunjika likatoa vumbi. Akatikisa kichwa tena.

Nilihisi hasira inapanda. "Sasa unataka nini?"

Akachukua lingine, dogo, akaligonga. Hili lililia, kama kisu kinapogusa sahani. Akalinyanyua kuelekea kwangu. Nikalishika, nikaligonga mwenyewe, likalia. Baba akacheka kwa nusu ya mdomo, ile nusu inayofanya kazi. Tangu atoke hospitali nilikuwa sijamwona akicheka.

Kesho yake, nikitoka shuleni, nikapita kwa mama anayeuza makala kwenye kona ya barabara yetu. Nikachuchumaa mbele ya fungu lake nikaanza kugonga moja moja. Alinivumilia kidogo tu.

"Mama, unapika nini, mpaka uchague hivi?"

"Si ya kupika. Ni ya maua ya baba yangu."

"Maua inakula makala?"

Nikamweleza, nikamwonyesha kwa mikono jinsi vijiti vilivyo, na mizizi inavyoning'inia. Akatikisa kichwa polepole.

"Hii maua minaijua. Kule kwenye banakata miti ya makala, inaangukaka na matawi. Tunaitupaka mu moto."

Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anavyoeleza kazi yake. Nikanunua mfuko wangu nikaenda nyumbani, na njia nzima nilifikiri kwamba okidi nyingine zilikuwa zimechomwa pamoja na miti iliyotoa makala yaliyokuwa mkononi mwangu. Lakini nilikuwa nimechoka mno kulifikiria jambo hilo mpaka mwisho. Jioni hiyo umeme ulikuwa umekatika, na nusu ya makala yale magumu niliyatia kwenye mbabula tule.

Yaliyobaki tuliyapanda Jumamosi. Nilivunja makala mpaka yakawa kama kiungo cha kidole gumba, nikapepeta vumbi, nikayaosha mara tatu mpaka maji yakawa meupe. Chini ya kila sufuria niliweka vipande vya tofali, kwa sababu alikuwa hakuvikataa. Baba alishika kila mmea wima kwa mkono wake mmoja huku mimi nikimimina makala kuzunguka mizizi, na nilipomwaga haraka alinipiga kidogo kwenye kifundo cha mkono. Kisha nikafunga vijiti kwa vipande vya kitenge ili visiyumbe.

Tulipofika kwenye wa tatu, nikasema bila kumtazama, "Baba, ule muti, ni miye njo nilikubali bakate."

Alichukua muda mrefu kulitoa neno. "Minajua," alisema.

Aliendelea kushika mmea, na mimi nikaendelea kumimina.

Mmoja ulikufa hata hivyo. Miwili ilikaa kipindi chote cha baridi bila kufanya lolote, na nilikuwa naimwagilia kama ninavyokunja nguo, nikiwaza mengine. Siku moja yule mama wa makala alibisha langoni. Alikuwa na kitu ndani ya gunia: okidi kubwa, chafu, upande mmoja umeungua, bado imeshika tawi.

"Niliikuta," alisema. "Nikasema nikuletee."

Nilitamani kumwambia hapana. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha na shuka za baba ndani ya beseni. Nikasema aksanti, nikaipokea, nikaiegemeza ukutani, na ilikaa pale wiki nzima kabla sijapata nguvu ya kuipanda. Wiki ile yote baba aliitazama kutoka kitini, kisha akanitazama mimi.

Joto lilipoanza, sufuria moja ilitoa mizizi mipya, myeupe, ncha zake kijani, imejishika kwenye makala kama vidole. Ya pili ikatoa maua. Sita tu, kwa kweli, si mengi. Nilisogeza sufuria karibu ili baba ayaone. Siku hizi analala sana, na maneno yamepungua zaidi. Aliyatazama kwa makini, akagusa moja kwa ncha ya kidole, kisha akafumba macho. Nikamfunika miguu, nikaenda kuanika shuka.