Mwenye Kofia Nyekundu

Mjukuu wangu Tilde ameniganda niandike haya, na mimi kalamu inanichosha kuliko mlima.

Nilitoka kwetu Denmark kutembea milima ya Norwei peke yangu, begi mgongoni. Kibanda cha kwanza cha wasafiri nilimkuta Mholanzi mwenye kofia nyekundu. Cha pili, huyo. Nikabadili njia makusudi. Cha tatu, hata sijavua viatu, huyo anaingia!

Kesho yake ukungu ukashuka, nikasikia hatua nyuma yangu. Nikainua fimbo.

“Sogea nikupasue!”

“Taratibu, bibi! Ni mimi, Wiebe. Kwenye daftari la kibanda kila mtu anaandika anakokwenda, ili akipotea atafutwe. Wewe unaandika jina tu. Ndiyo maana nakufuata.”

Jina ndilo ninaloliandika bila kukosea, lakini hilo halimhusu.

“Najua ninakokwenda!”

“Hapo mbele ni korongo, bibi.”

Sikumshukuru. Nilishika begi lake kwa nyuma, akaniongoza mpaka kibandani, nikaandika ninakokwenda, herufi zimepinda.

Sasa wewe msomaji, chukua kalamu, andika hapa chini unakokwenda.